Alama Tisini na Nne

"Kuanzia sifuri mpaka kumi," karani alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kishikwambi chake, "umeridhika kiasi gani na mshono?"

Fundi cherehani aliutazama mkono wake wa kulia, uliolala mapajani kama kitu alichoombwa amshikie mtu. Pasi ya mvuke ilikuwa imeuunguza mpaka kwenye kano. Daktari bingwa alichukua ngozi ya nyongani akaufunika, akauacha umeshonewa hapo nyongani wiki tatu nzima, kisha akautenganisha. Sasa vidole vinne vilikuwa pamoja ndani ya ngozi moja nene, kama vimetiwa soksi, na kidole gumba kimevutwa na kovu mpaka kikalala kiganjani. Kuvitenganisha vidole ilikuwa kazi ya upasuaji wa pili, na tarehe yake ilikuwa wiki tatu mbele.

Lakini swali lilikuwa la mshono, na mshono ulikuwa safi. Hilo halikuwa na ubishi. Nafasi baina ya tundu na tundu zilikuwa sawa, pindo limenyooka, hakuna palipokunjamana. Isitoshe, mshonaji mwenyewe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye benchi, koti jeupe wazi kifuani, akiwaeleza jambo wanafunzi watano.

"Kumi," akasema.

Katika kazi yake kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: fundi hamtoi kasoro fundi mwenzake mbele ya wateja wake. Mteja akikuletea gauni lililoharibiwa kwingine, unasema "tutaliangalia," unalifumua kimyakimya, na ukikutana na yule aliyeliharibu unamsalimu kama kawaida. Alikuwa ameishika sheria hiyo miaka kumi na tisa. Hakuona sababu ya kuivunja kwenye ujia wa hospitali, mbele ya wagonjwa ishirini wanaosubiri kushonwa na mtu huyohuyo.

"Swali la saba. Unaweza kufunga vifungo vya nguo yako?"

Asubuhi ile alikuwa amejifungia chumbani. Blauzi ilikuwa na vifungo sita. Mkono wa kushoto ulishika kitambaa, meno yakavuta kifungo kupita tunduni, mate yakalowesha kola. Vile viwili vya juu, ambavyo mdomo haukuvifikia, alivifunga kabla ya kuvaa. Kazi yote ilimchukua robo saa.

"Naweza."

"Kwa shida sana, kwa shida kidogo, au bila shida?"

Daktari aligeuza kichwa, akatabasamu. Wanafunzi nao wakageuka.

"Bila shida."

"Swali la kumi na moja. Katika mambo yenu ya chumbani na mwenzi wako," karani alipaza sauti kwa sababu kitoroli cha dawa kilikuwa kinapita kikipiga kelele, "umeridhika kiasi gani na mwili wako?"

Kitoroli kikapita. Mzee mmoja akakohoa ukutani. Mwanafunzi wa kike aliinamia viatu vyake.

"Kumi."

"Na mwenzi wako, unadhani yeye—"

"Kumi, kaka. Yote yaliyobaki andika kumi."

"Siruhusiwi kuandika bila kuuliza, mama. Ni utaratibu."

Akamuuliza yote. Yalikuwa ishirini na nne. Isipokuwa swali la maumivu, ambalo alilijibu kweli kwa sababu mkono ulikuwa unamgonga wakati huohuo, alisema kumi kabla swali halijafika mwisho, mradi aondoke pale.

Aliyefuata kwenye benchi alikuwa mama aliyejifunika mdomo kwa leso. "Sifuri," alijibu kutoka ndani ya leso. "Sifuri. Sifuri."

"Swali hili linahusu mwenzi wako, mama."

"Alishakufa. Andika sifuri."

Fundi alipokuwa akiinuka, aliwaza kwamba yule mama hakufundishwa adabu.

*

Nyumbani, asubuhi ilianza na sindano. Mume wake, mpiga rangi wa majumba, aliketi karibu na dirisha kabla ya kwenda kazini akatunga uzi kwenye sindano ishirini, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kijimto cha pamba. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimekauka kwa rangi, na vilizoea brashi ya inchi nne. Alizitunga huku ametoa ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika. Siku nzima mkewe alipindia sare kwa mkono wa kushoto, akitumia sindano moja hadi uzi uishe, kisha nyingine. Zikiisha zote ishirini, kazi nayo imekwisha, hata kama jua liko utosini. Cherehani yenyewe ilikuwa imefunikwa shuka pembeni.

Baada ya mume kuondoka aliingia wifi yake, msusi, aliyekuwa akija kila siku kumfunga sidiria na kumchana nywele kabla ya kufungua saluni yake. Siku ile ujumbe uliingia chanuo likiwa bado kichwani.

"Nisomee," alisema fundi. "Mkono wangu mzuri umeshika kitambaa."

Wifi alisoma kwa sauti ya mtangazaji: "'Hongera! Matokeo yako ni alama tisini na nne kati ya mia. Umehitimu mpango wetu wa upasuaji wa kurekebisha viungo. Nafasi yako ya upasuaji wa pili atapewa mgonjwa mwenye uhitaji. Tunathamini sauti yako.'" Akausoma tena, safari hii bila utangazaji. "Wifi, umehitimu nini?"

"Soma hapo pa nafasi."

"'Atapewa mgonjwa mwenye uhitaji.'"

Fundi aliweka kitambaa chini. Aliyaeleza maswali, na karani, na kumi zake. Wifi alisikiliza, chanuo limesimama hewani.

"Ngoja. Swali la vifungo ulijibuje?"

"Nilisema naweza."

"Wewe? Ambaye mimi hapa nakufunga sidiria kila siku ya Mungu?"

"Hakuuliza sidiria. Aliuliza vifungo."

"Na kwa nini hukumwambia unavifunga kwa meno kama panya?"

"Daktari alikuwa amesimama pale, wifi. Na wanafunzi wake. Nimtoe kasoro mbele za watu, na kashona vizuri?"

"Kashona vizuri lakini hajamaliza! Gauni lisilo na mikono utamsifu fundi wake kwa sababu ya pindo?" Wifi alilichomeka chanuo kwenye nywele akaliacha humo. "Mimi mteja nikimsuka upande mmoja, hata awe na adabu za malaika, hatoki mlangoni."

Mume aliporudi jioni, madoa meupe kwenye nyusi, alisomewa ujumbe akiwa wima. Hakufoka. Aliuliza jambo moja tu: "Vidole vikikaa hivyo, inakuwaje?"

"Daktari alisema maungio yanaganda. Miezi mitatu kuanzia sasa, minne ikizidi. Baada ya hapo hata vikitenganishwa havikunji."

"Hospitali ya binafsi?"

"Niliuliza zamani. Ni bei ya cherehani sita."

Mume aliutazama ukuta, kwa mazoea ya kazi, kana kwamba anapima ni makopo mangapi. "Basi kesho twende tukawaambie ulikosea. Mtu si anakosea?"

*

Ofisi ya mratibu ilikuwa na kiyoyozi, maua ya plastiki na sahani ya biskuti. Sahani ilikuwa upande wa mratibu. Mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, ule upole wa mtu anayelipwa kwa ajili yake. Aliwakalisha, akawasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kila palipostahili.

"Nawaelewa kabisa," alisema. "Tatizo ni kwamba jibu la mgonjwa hatuligusi. Zamani daktari ndiye aliyesema mgonjwa amepona. Sisi tukasema hapana, aulizwe mwenye mwili. Sasa mimi nikianza kubadilisha majibu, nitakuwa nimemnyang'anya mgonjwa sauti yake."

"Lakini mgonjwa ndiye huyu," mume alisema. "Na sauti yake ndiyo hii."

"Hii ni sauti ya leo, baba. Dodoso lilikuwa la tarehe kumi."

"Mkono ndio uleule wa tarehe kumi," alisema fundi. Aliuinua akauweka juu ya meza, kati ya maua na biskuti. Ulitoa harufu ya mafuta ya mgando na jasho la ngozi isiyopata hewa. Katika ngozi ile iliyotoka nyongani vilikuwa vimeota vinyweleo vyeusi, vya nyongani. "Utazame."

Mratibu hakuutazama. Aliivuta sahani ya biskuti sentimita chache kuelekea kwake.

"Mama, hata nikiutazama, mkono haumo kwenye dodoso. Mfumo unasoma namba. Chini ya sitini unarudi mezani, sitini na kuendelea umehitimu. Wewe una tisini na nne. Hakuna aliyefika hapo tangu tuanze." Alitabasamu kwa dhati. "Dodoso linarudiwa kila baada ya miezi sita. Ukiona kuna jambo, utalisema hapo."

"Miezi sita," alisema mume.

"Mitano na siku kadhaa, sasa."

Nje ya mlango karani aliwafuata, akaangalia huku na huku, kisha akanong'ona, "Mama, mimi nilidhani unajua. Wenzako wote wanajua. Siku nyingine lia kidogo. Yule mama wa leso kapata sita. Ameingizwa kwenye nafasi yako."

"Yule anastahili," alisema fundi.

"Sijasema hastahili. Nasema wewe hukulia."

Daktari walimkuta kwenye ngazi. Yeye aliutazama mkono, hilo halina budi kusemwa. Aliushika, akajaribu kukunja ncha za vidole ndani ya ngozi, akatikisa kichwa. "Vinaanza kukakamaa. Ilibidi tuvifungue mwezi huu."

"Basi vifungue, daktari."

"Nafasi sipangi mimi, inapanga orodha. Na kusema kweli nilishangaa. Nilikusikia kwa masikio yangu ukisema vifungo bila shida." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayetaja joto la mwili. "Nikimpasua mwenye tisini na nne, wafadhili watauliza dodoso lina maana gani. Na wakiuliza hivyo, wenye sita na kumi nao watakosa."

"Lakini wewe unaona," alisema mume. "Umeushika."

"Naona," alisema daktari. Alitazama saa. "Fanya mazoezi. Maji ya uvuguvugu, mara tatu kwa siku."

*

Wiki mbili baadaye simu iliita. Alikuwa mratibu, sauti imechangamka. Wafadhili walikuwa wanakuja kuona mpango, na walikuwa wameuliza kama wanaweza kumsikia yule mwenye tisini na nne. Nauli ingerudishwa.

"Usiende," alisema mume.

"Aende," alisema wifi. "Aende awavue nguo hadharani. Wifi, ukifika useme: 'Huyu daktari wenu ni nusu fundi.'"

"Sitasema hivyo."

"Utasemaje?"

"Sijui. Lakini nikikaa hapa vinaganda. Kule pengine atakuwepo mwenye macho."

Ukumbi ulipambwa kwa mabango. Kwenye lililokuwa kubwa kupita yote alijiona mwenyewe, amepigwa picha kuanzia mabegani kwenda juu, akicheka. Hakukumbuka kupigwa. Chini yake iliandikwa 94 kwa tarakimu ndefu kuliko uso. Mkono haukuwemo kwenye picha.

Karani alimletea karatasi. "Ridhaa ya bango, mama. Saini hapa."

"Saini yangu ilikuwa ya mkono huu."

"Basi weka dole gumba."

Aliugeuza mkono, akamwonyesha mahali ambapo dole gumba lilikuwa limezama kiganjani. Karani alitazama, akakuna shingo, akasogeza kidau cha wino upande wa pili. "La kushoto pia linakubalika."

Wageni walikuwa saba, wa kutoka nje, wenye beji. Mratibu alisimama pembeni akiwatafsiria. Daktari alikaa mstari wa mbele na wanafunzi wake. Mama wa leso hakuwepo. Siku hiyo ndiyo alikuwa amelazwa, kidonda kibichi, na wakubwa waliona heri wasimwonyeshe. Mratibu alieleza namba, namba zikapanda ukutani kwa rangi ya kijani, kisha akamwita fundi mbele na kumwambia kwa upole, "Waambie tu, mama. Kama ulivyotuambia sisi."

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye mvi, aliuliza jambo. Mratibu akatafsiri: "Anauliza, shughuli ndogondogo za kila siku, kama vile kuvaa. Unaweza?"

Fundi aliwatazama. Alikuwa ametunga hotuba njiani, na yote ilikuwa imeyeyuka. Kilichobaki kilikuwa sheria yake ya miaka kumi na tisa, na daktari aliyekaa mbele, koti jeupe wazi kifuani kama siku ile.

"Naweza," alisema. "Ngoja niwaonyeshe."

Alimwendea daktari. "Samahani, daktari. Simama kidogo." Daktari alisimama, kwa kuwa watu saba wenye beji walikuwa wanamtazama. Fundi aliinama mbele ya tumbo lake, akashika ukingo wa koti kwa mkono wa kushoto, akauegemeza ule wa kulia kwenye nyonga ya daktari ili asianguke, akakiuma kifungo. Akakivuta. Kikateleza. Akakiuma tena. Ukumbi ulisikia meno yakigusa plastiki. Uzi wa mate ulimtoka ukashuka kwenye koti. Daktari aliinua mikono yote miwili kidogo, vidole kumi vimetanuka hewani, kama mtu aliyeingia maji machafu. Kifungo kikapita. Akashuka kwenye cha pili, akipiga magoti sasa. Akashuka kwenye cha tatu, kilichokuwa chini kabisa, na mwanafunzi mmoja akafunika uso.

Cha tatu hakikupita. Kilining'inia kwa nyuzi mbili. Kiling'oka kikabaki kinywani mwake.

Alisimama, akakitema kwenye kiganja cha kushoto, akakitazama kwa jicho la kazi. Magoti yake yalikuwa na vumbi. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya dukani, lakini wote wakasikia:

"Kifungo hiki kimeshonwa na mtu asiyemaliza kazi. Kapitisha uzi mara mbili, akaacha bila fundo. Kwa mbali kinapendeza." Alimgeukia daktari. "Na mkono wangu ni hivyohivyo. Mshono mzuri. Kazi haijaisha."

Mgeni mwenye mvi alimgeukia mratibu, akisubiri.

Mratibu alivuta pumzi. Alisema maneno machache katika lugha yao, akitabasamu, kiganja kifuani. Fundi hakujua lugha ile, lakini alijua urefu wa kitambaa, na alijua kwamba kilichotoka kilikuwa kifupi kuliko kilichoingia. Mgeni mwenye mvi alitoa kitambaa akajifuta macho. Mwingine alianza kupiga makofi. Wote wakafuata, wakasimama, makofi yakajaa ukumbi. Karani, aliyekuwa ameketi kando na kishikwambi, aligusa kioo mara moja kwa kidole, kama anayeandika jibu.

Daktari peke yake hakupiga makofi. Yeye aliielewa lugha. Alikuwa anafungua kifungo cha kwanza, kilicholowa, akakipangusa kwa leso, akakifunga upya mwenyewe, kwa dole gumba na kidole cha shahada, kwa sekunde moja. Kisha akaketi.

Fundi aliweka kifungo kilichong'oka juu ya goti la daktari. Daktari hakukigusa.

"Umewaliza," mratibu alimwambia mlangoni, akimminya bega. "Nadhani tumepata mwaka mwingine."

"Na mkono?"

"Mwezi wa nane, mama. Dodoso. Usisahau kusaini ya nauli."

*

Asubuhi mume aliketi dirishani na sindano zake. Hakuwa ameuliza mengi. Wifi ndiye aliyeuliza yote, akatukana ukoo mzima wa mratibu mpaka mababu, kisha akamfunga mke wa kaka yake sidiria bila utani hata mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Vidole, ndani ya soksi yao, havikucheza.

Mume alitunga ya kumi na tisa, akatunga ya ishirini, akakisogeza kijimto mbele ya mkewe. Ili amwone akicheka walau kidogo, alijikohoza akaiga sauti ya karani.

"Kuanzia sifuri mpaka kumi, mama, umeridhika kiasi gani?"

Miezi yote minne alikuwa akimwambia ahsante, kazi nzuri, hata pale uzi ulipokuwa umechanika ncha na sindano nusu hazifai. Alikivuta kijimto kwa mkono wa kushoto, akaziinua kwenye mwanga, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Nne," alisema, akamrudishia. "Rudia."